Wewe ni Jirani Gani?

Nina mpwa wangu yuko Tanga. Ana miaka tisa, na maswali yake hayahesabiki. Siku moja alinipigia simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mama anasema unakwenda kuwinda. Anasema utalala ndani ya gari, kwenye theluji, siku kumi, peke yako. Ni kweli?"

"Ni kweli kabisa."

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Sasa mjomba, chumvi ikiisha utaomba kwa nani?"

Hongera, mtoto! Hongera sana! Watu wazima huniuliza nina bunduki gani, na gari lina nguvu kiasi gani. Mpwa wangu kauliza habari ya chumvi, na swali lake limeyapita yao yote. Nilimjibu kwa hadithi. Nanyi wengine sogeeni, ipo ya kuwatosha.

Fikirini kwanza ua wa kwenu. Chumvi ikiisha, mama husemaje? "Kimbia kwa jirani, mwambie naomba chumvi." Unavuka ua, unarudi na chumvi kwenye kikaratasi. Kiberiti kimelowa? Unakwenda kwa jirani. Mtoto ana homa usiku? Unabisha kwa jirani. Gari limekataa kuwaka? Majirani watano wanatoka na kulisukuma. Nyumba yenu haina kila kitu, wala haina haja ya kuwa nacho. Ua mzima ni stoo yenu.

Huko ninakokwenda, jirani hayupo.

"Huko ni wapi, mjomba?"

Ni Montana, mwanangu, jimbo la Marekani linalopakana na Kanada. Mimi naishi katika mji wa Missoula. Tangu mwaka 2016 familia za wakimbizi kutoka Kongo zimekuja kuishi hapa, kwa hiyo Kiswahili huwezi kukikosa dukani. Ukitoka mjini kidogo unaingia milimani, kwenye msitu wa taifa wa Lolo. Humo ni misonobari, mlima baada ya mlima. Kuna dubu. Kuna elki pia. Elki ni mnyama mwenye pembe kama matawi ya mti. Ukimwona kwa mbali utadhani ni ng'ombe aliyejitwika kuni. Dume mkubwa hufika kilo 300 na zaidi.

"Mjomba, kuwinda si ujangili?"

Vizuri umeuliza. Jangili ni anayewinda bila ruhusa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania huruhusu kwa leseni. Montana nako ni kwa leseni, tena kwa msimu. Msimu wa bunduki ni wiki tano hivi, kuanzia mwishoni mwa Oktoba. Aliyezaliwa baada ya Januari 1, 1985 kwa kawaida hapati leseni mpaka asome darasa la usalama wa uwindaji. Na ukimpata mnyama, sheria haikuruhusu kuacha nyama yake ioze porini.

Na baridi je? Mnaijua friza ya dukani, ile ya aiskrimu? Ndani yake ni kama nyuzi 18 chini ya sifuri. Usiku wa Novemba huko milimani unaweza kufika hapo hapo. Ni kama kulala ndani ya friza, na mwenye duka harudi mpaka asubuhi. Tena baridi ya huko haipigi hodi. Mwezi Januari 1916, katika mji wa Browning, Montana, joto lilikuwa karibu nyuzi 7 juu ya sifuri. Likashuka mpaka nyuzi 49 chini ya sifuri. Lilichukua muda gani? Siku moja tu! Na Januari 1954, mahali paitwapo Rogers Pass, kipimo kilishuka mpaka karibu nyuzi 57 chini ya sifuri. Mtu wa Makete, kule nyanda za juu za Tanzania, anaijua sakitu ya alfajiri, lakini hiyo hata yeye angeikimbia.

Sasa hadithi yenyewe.

Siku moja kabla ya safari, nilitandaza vitu vyangu vyote uani. Pikapu alikuwa ameshusha mlango wake wa nyuma, amekaa kama bawabu. Pikapu wangu ni mzee. Mgongoni amebeba kibanda kidogo chenye paa na madirisha mawili. Humo ndimo ninamolala. Akakohoa kwa sauti yake nzito ya dizeli, akasema:

"Leo haingii mtu bila kujieleza. Kila mmoja nitamuuliza swali moja tu. Wewe ni jirani gani?"

Wa kwanza alikuja Mfuko wa Kulalia, mnene, anatembea kwa maringo.

"Wewe ni jirani gani?" Pikapu akauliza.

"Mimi ni jirani mwenye moto. Nampa bwana joto usiku kucha."

"Sema kweli! Moto wako uko wapi? Umeuficha wapi?"

Mfuko wa Kulalia akainamisha kichwa. Moto hana.

Wanangu, hapa tegeni sikio. Blanketi halina moto. Moto ni wewe. Mwili wako unapika joto mchana na usiku, kama jiko lisilozimika. Mnaijua hotpoti ya ugali? Hotpoti haipiki ugali. Hotpoti inaulinda ugali usipoe. Mfuko wa kulalia ni hotpoti, na ugali ni wewe. Ukiingia umeshapoa, utakaa humo umepoa. Kwa hiyo kabla ya kulala, mimi hula chakula chenye mafuta, nikatembea kidogo mpaka damu ichangamke. Ndipo naingia, nimekumbatia chupa ya maji ya moto iliyofungwa barabara.

"Basi mimi ni jirani anayelinda," Mfuko akasema kwa upole.

"Hapo umesema. Ingia."

Nyuma yake alikuja Godoro la Sponji. "Mimi ni jirani wa chini," akasema. Pikapu hakumuuliza zaidi. Yeye mwenyewe anajua jinsi sakafu yake ya chuma inavyonyonya joto. Weka sufuria ya chai kwenye sakafu ya saruji, na nyingine kwenye mkeka. Ipi itapoa kwanza? Jaribuni, kisha mniambie. Ukilala, sehemu ya mfuko iliyo chini yako inabanwa na uzito wako, haina tena nafasi ya kushika hewa yenye joto. Kwa hiyo kinachotandikwa chini kina kazi kubwa kama kinachofunikwa juu.

Zikafuata nguo. Mbele alikuwa Jinzi, kijana wa mjini, mzuri wa sura. Pembeni yake Fulana ya Pamba.

"Nyinyi ni majirani gani?"

"Sisi ni majirani wa kila siku! Bwana anatupenda."

"Nawajua," Pikapu akasema. "Na mkilowa?"

Wakatazamana. Pamba ikilowa hunywa maji kama tambara la deki, na haikauki upesi. Panda mlima, toka jasho, kisha kaa kimya umsubiri elki. Lile jasho linageuka kuwa kitambaa cha baridi mgongoni. Hapo mwili unaanza kutetemeka, na mtu akitetemeka muda mrefu huanza kuchanganyikiwa. Jirani angekuona akakuambia, "Wewe, midomo imekuwa myeusi, njoo ndani!" Lakini jirani hayupo.

"Bakini nyumbani," Pikapu akawaambia. "Akirudi mtamvaa."

Ndipo akaja Sweta la Sufu, mzee asiye na haraka. "Mimi nilikuwa mgongoni mwa kondoo," akasema. "Nimenyeshewa na mvua nyingi."

"Mjomba, sufu hailowi?"

Inalowa, mwanangu. Lakini hata ikilowa, nyuzi zake zilizojikunja bado zinashika hewa, na hewa hiyo inashika joto lako. Mzee Sufu akaingia na ndugu zake: soksi jozi sita, glavu jozi tatu, kofia mbili. Mimi huvaa kama kitunguu, ganda juu ya ganda. Nikipanda mlima navua ganda moja kabla sijatoka jasho. Nikikaa narudisha.

Ikafika zamu ya moto. Kopo dogo la gesi likajitokeza, jepesi, linang'aa.

"Wewe ni jirani gani?"

"Jirani wa jikoni. Gesi yangu inaitwa byuteni."

"Pole," Pikapu akasema. "Wewe utalala kabla ya bwana."

Kwa nini alale? Ndani ya kopo, gesi iko majimaji. Ili iwake, lazima kwanza igeuke mvuke. Byuteni ikifika karibu na sifuri inakataa kugeuka. Utafungua, utawasha, na hutapata hata mlio. Propeni ni gesi nyingine, na yenyewe haikatai mpaka ifike nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa hiyo Kopo likabaki, na Mtungi wa Propeni ukaingia. Hata kile kiberiti cha gesi cha mfukoni kina byuteni ndani. Mimi hukiweka mfuko wa kifuani, kilale na joto langu. Njiti za kiberiti naziweka kwenye chupa yenye kifuniko. Na nina kijiti cha chuma cha kutoa cheche, ambacho hata kikilowa hakinuni. Hiyo ni mioto mitatu, kila mmoja mahali pake.

"Mitatu ya nini, mjomba? Si mmoja unatosha?"

Ukiwa Tanga, mmoja unatosha. Nyumba ya pili ipo. Zamani bibi zenu walikwenda kuomba moto kwa jirani, wakarudi na kaa kwenye kigae, wakilipuliza njiani lisizimike. Sasa sikieni ajabu. Mwaka 1991, kwenye milima ya mpakani mwa Austria na Italia, watu walimkuta mtu ndani ya barafu. Alikuwa amekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Walimpa jina la Ötzi. Alikuwa na upinde, shoka la shaba, kofia ya ngozi ya dubu, na viatu vilivyojazwa nyasi kavu. Na alikuwa na vyombo viwili vya gome la mti. Kimoja kilikuwa na vipande vya makaa na majani ya mti. Wataalamu wanasema alikuwa akibeba moto, kaa lililozungushiwa majani. Mnaona? Alijua kwamba mlimani hakuna pa kuomba moto. Miaka 5,000 iliyopita, mwanadamu tayari alikuwa anampakia jirani yake kwenye mzigo.

Sasa nifike pagumu. Alikuja Jiko la Mkaa.

Mimi nalipenda jiko hili. Limenipikia wali miaka mingi. Likasema, "Mimi jirani gani? Mimi ni wa nyumbani. Niweke ndani ya kibanda, funga milango, mtalala kama mko Tanga."

Pikapu akanyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Rafiki yangu, wewe ndani huingii."

"Kwa nini, mjomba? Jiko lina moto wa kweli!"

Ndiyo, mwanangu, na ndiyo sababu. Mkaa ukiwaka mahali palipofungwa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi. Haina harufu. Huioni na huinusi. Damu yako ni kama daladala. Kazi yake ni kubeba oksijeni kutoka kwenye mapafu, kuishusha kichwani, moyoni, miguuni. Ile hewa ya sumu inadandia daladala na kukalia viti vyote, na haishuki. Damu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Abiria wa kweli wanabaki kituoni. Kichwa kinauma, usingizi unakuja, na aliyelala haamki.

Hili si la Montana peke yake. Hata kwetu, kwenye miji ya milimani, watu huingiza jiko chumbani usiku wa baridi, na asubuhi huwa ni msiba. Kwa hiyo nishikieni neno hili hata kama mtasahau mengine yote: jiko la mkaa halilali chumbani. Mkiona mtu analiingiza, semeni. Semeni kwa adabu, lakini semeni.

Mimi hupika nje, chini ya turubai. Nikilala, hakuna kinachowaka. Ndani namtundika King'ora kidogo cha kunasa ile hewa ya sumu. Pikapu alipomuuliza, "Wewe ni jirani gani?" akajibu, "Mimi ni bibi asiyelala, anayesikia harufu hata isiyo na harufu." Akaingia kwa heshima zote. Na dirisha naliacha wazi upana wa vidole viwili. Hewa ipite. Halafu, pumzi ya mtu ina maji. Mmeona mfuniko wa sufuria unavyodondosha matone? Ukifunga kila tundu, dari ya kibanda inakuwa mfuniko, na asubuhi inakunyeshea kitandani.

Wakaja Madumu mawili ya lita 20, kama yale ya kwenu ya kutekea maji.

"Majirani gani?"

"Sisi ni kisima."

"Mmejaa mpaka juu?"

"Mpaka juu kabisa!" wakajibu kwa fahari.

"Basi rudini mkapunguzwe."

Maji yakiganda hukua. Lita 20 zikigeuka barafu zinataka nafasi ya karibu lita 22. Dumu lililojaa litapasuka. Kwa hiyo nalijaza mpaka mabegani tu. Na kuna siri nyingine, niliyoilipia. Safari yangu ya kwanza nililisimamisha dumu kama kawaida. Alfajiri nikaamka na kiu. Nikafungua kifuniko. Kumbe mdomoni pameziba kwa barafu, nene kama sahani! Chini nayasikia maji yanacheza, wala siyafikii. Barafu ni nyepesi kuliko maji, hukaa juu. Mzee mmoja wa huko aliponisikia akacheka, akaniambia, "Lipindue." Tangu siku hiyo madumu yangu hulala kichwa chini, kifuniko kimekazwa. Barafu inakaa kwenye kitako kilichoelekea juu, na mdomo unabaki na maji. Asubuhi naligeuza, natia birika.

Chakula hakikusumbua. Makande niliyapika nyumbani, nikayafunga mfuko mmoja kwa kila usiku. Huko yanaganda yenyewe, friji ni dunia nzima. Siku ni kumi, mifuko kumi na mitatu. Mitatu ni ya theluji ikifunga barabara. Na chumvi, mpwa wangu? Pakiti mbili. Moja inakaa mbele, moja nyuma. Ikipotea hii, naiomba ile.

"Mjomba, na Pikapu mwenyewe nani anamuuliza?"

Loo! Hongera tena! Bawabu naye aulizwe. Nilimgeukia nikamwambia, "Mzee, na wewe ni jirani gani?"

Akasema, "Mimi ni nyumba na ni njia ya kurudi. Lakini na mimi nazeeka kwenye baridi."

Ni kweli. Dizeli ya kawaida ina nta ndani yake. Mafuta ya nazi asubuhi ya baridi huwaje? Hugandamana, yakawa meupe. Dizeli nayo kwenye baridi kali hutoa nta, ikaziba chujio. Kwa hiyo kabla ya kupanda mlima najaza dizeli ya majira ya baridi. Maji ya rejeta nayachanganya na dawa ya kuzuia kuganda. Betri kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri hubakiwa na kama nusu ya nguvu zake. Ni kama babu akiamka, anakaa kwanza kitandani. Nyumbani ungeita watu wasukume. Lakini jirani hayupo. Kwa hiyo wakapanda: betri ndogo ya kubustia, minyororo ya magurudumu, beleshi, kamba ya kuvutia, jeki, na ubao mpana wa kuwekea jeki isizame kwenye theluji. Na kabla ya kuwasha injini asubuhi, kwanza nazunguka nyuma kufukua theluji kwenye bomba la moshi. Likiziba, ile hewa ya sumu inarudi ndani.

Wengine waliingia mbio. Kisanduku cha Huduma ya Kwanza alikuwa nesi wa mtaa. Tochi ya Kichwani alikuwa jirani anayekumulikia njia, na betri zake za akiba hulala nami kwenye mfuko ili baridi isizinyonye. Kopo la Dawa ya Pilipili alikuwa jirani wa kumtimua dubu. Kizibao cha Rangi ya Machungwa akasema, "Mimi ni jirani anayepiga kelele: Huyu ni mtu! Huyu ni mtu!" Sheria ya Montana inamtaka mwindaji wa bunduki avae rangi hiyo juu ya kiuno, eneo lisilopungua inchi 400 za mraba, ili mwindaji mwingine asimdhanie mnyama. Filimbi naye akapanda. Sauti ya mtu huchoka, filimbi haichoki. Ukipuliza mara tatu, ukapumzika, ukapuliza tatu tena, maana yake ni "Nisaidieni." Bunduki akaja mwisho, mtupu, risasi zake kando.

Mpwa wangu hapo akahema. "Mjomba, vitu vyote hivyo kwa mtu mmoja? Wahadzabe si huwinda na upinde na mishale tu?"

Ah, umenifurahisha! Mhadzabe wa pande za Ziwa Eyasi akitoka asubuhi anabeba upinde, mishale, pengine kisu na shoka. Mzigo wake mwingine uko wapi? Uko kichwani mwake na uko porini. Akiona kiu anajua penye maji. Akiona njaa anajua mizizi iko wapi, na ndege humwonyesha asali. Jioni anarudi kambini kwa watu wake. Yeye pori lake ni ua wake, limejaa majirani. Mimi kwenye theluji ni mgeni. Mgeni asiye na mwenyeji ndiye hubeba vingi.

Basi vitu vyote vikaingia. Lakini subirini, viliingiaje? Pikapu ana kanuni: kitakachotakiwa kwanza kiingie mwisho. Beleshi halilali chini ya magunia. Ukikwama kwenye theluji usiku, utalifukua beleshi kwa kitu gani? Kila kimoja kina mahali pake, na mimi hufanya zoezi. Nafumba macho, navaa glavu nene, natafuta tochi. Nikiikosa, napanga upya. Fanyeni hivyo na begi la shule: fumba macho, tafuta kalamu. Mtacheka, lakini mtajua mkono unavyojifunza.

Jua likawa limezama. Pikapu akapandisha mlango wake. "Tumekamilika," akasema. "Majirani wote wamo."

"Wote?" nikamuuliza.

"Mjomba," mpwa wangu akadakia kwenye simu, "mbona hakuna mtu? Umepakia majirani wote, lakini hata mmoja si mtu. Ukivunjika mguu je? Filimbi itapulizwa, nani atasikia?"

Wanangu, nilinyamaza. Huyu mtoto alikuwa amefika mwenyewe pale nilipokuwa nampeleka.

Nikamwambia, "Huyo hapakiwi. Huyo anaachwa."

Nikachukua karatasi. Nikaandika ninakokwenda: barabara ipi ya msitu, nitaegesha wapi, nitapanda mlima upi. Nikaandika namba ya gari na rangi yake. Nikaandika siku ya kurudi na saa. Chini nikaandika: nisipokuwa nimerudi saa hiyo, usisubiri, piga simu kwa sherifu, yaani mkuu wa polisi wa huku. Kisha nikavuka barabara, nikapiga hodi kwa mama mmoja Mkongomani, jirani yangu. Akaisoma mara mbili. Akaibandika kwenye mlango wa friji, katikati ya picha za wajukuu.

"Siku kumi?" akauliza.

"Siku kumi, mama."

"Saa kumi na mbili jioni?"

"Saa kumi na mbili."

"Mimi nitakuwa natazama barabara," akasema.

Ninacho pia kifaa kidogo cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, na kila usiku humtumia neno moja: Mzima. Lakini kifaa kina betri, na betri mnajua habari zake kwenye baridi. Ile karatasi haina betri. Jirani yangu ndiye betri yake.

Nilikwenda, nikarudi. Nilimpata elki siku ya saba. Mtu mmoja hawezi kubeba kilo 300, kwa hiyo nilimkata vipande, nikavifunga kwenye mifuko ya kitambaa inayopitisha hewa, nikashuka na kupanda ule mlima mara tano. Sikufanya haraka. Aliye peke yake hana ruhusa ya kujikwaa.

Siku ya kumi, saa kumi na moja na nusu jioni, Pikapu akaingia mtaani kwetu, amechafuka mpaka madirishani. Pazia la ng'ambo likasogea. Kabla sijazima injini, mlango ulikuwa wazi. Nilivuka barabara na paja zima la elki begani. Mama jirani hakutazama nyama. Alinitazama miguu, mikono, uso. Kisha akaingia ndani, akaibandua ile karatasi kwenye friji, akaikunja.

"Ingia ule," akasema. "Na hiyo nyama iko wapi chumvi yake?"

Nikakumbuka. Pakiti zote mbili zilikuwa zimekwisha.

"Naomba kwako, mama," nikamwambia.